Amiri Aliyeomba Wenzake

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bondeni alikuwako amiri mchamungu aitwaye Dhakwani. Aliutawala peke yake miaka kumi na miwili, na watu walimpenda hata wakaona haya kumpinga.

Mwaka mmoja wa ukame aliamuru mfereji wa maji ugeuzwe, uende mashamba ya kaskazini. Bi Lubaba, mjane aliyelima kunde upande wa kusini, akasimama barazani akasema, "Ewe Amiri, na sisi tutakunywa nini?" Dhakwani akamjibu kwa haraka kwamba visima vyao vinatosha. Wazee waliokuwapo wakainamisha vichwa.

Baada ya mwezi alikwenda kusini kwa miguu yake. Akakuta visima vimekauka, kunde zimenyauka, na Bi Lubaba anatoka mbali, mtungi wa maji kichwani. Akarejea akiwa na huzuni kubwa, akawauliza wazee, "Mlijua?"

"Tulijua, bwana wetu."

"Mbona mlininyamazia?"

"Ukishasema wewe, nani wa kusema tena?"

Siku ile ile akaamuru maji yagawanywe kwa zamu. Ijumaa, baada ya sala, akamwomba radhi Bi Lubaba mbele ya watu wote, kisha akavua pete ya utawala. "Nimedhulumu bila kujua, kwa kuwa naamua peke yangu. Chagueni watu watano wenye mamlaka sawa, mambo yenu yaende kwa shura, kwa kushauriana."

Watu wakalia. "Tutampata wapi mwadilifu kama wewe?"

"Ikiwa mnanipenda, msiniache nisimame peke yangu mbele ya Mola wangu na hesabu ya mji mzima."

Wakachagua watano; yeye akawa mmoja wao, na Bi Lubaba akawa mwingine.

Katika kikao cha kwanza Dhakwani alitaka ukuta wa mji ujengwe kabla ya daraja la mtoni. Bi Lubaba akasema, "Hapana, ndugu yangu. Mvua zinakaribia, na watu watavukia wapi?" Watatu waliobaki wakamuunga mkono. Baraza zima likamtazama aliyekuwa amiri.

Dhakwani akacheka hata kilemba kikamlegea, akaanguka kusujudu sijida ya shukrani. "Alhamdulillahi! Leo nimekosea, na hakuna aliyeumia."

Mji ukacheka pamoja naye, na daraja likajengwa.

Basi, ndugu zangu, tumwombe Mola atujaalie viongozi wanaofurahi kusahihishwa, na sisi atupe ulimi wa kuwasahihisha kwa adabu.