Fungu la Moyo

Ukame ulipokausha kisima cha bondeni, wanyama walilazimika kupanda mlima kufuata maji, na huko ndiko mioyo ilikoanza kuwasaliti. Bibi Pofu, yule swala mkubwa aliyezeeka, alikuwa ameanguka mara mbili njiani. Akianguka tena, walisema, hainuki. Simba mwenyewe alifika kileleni akihema, ingawa alidai anatafakari.

Serikali ya Simba ikatenga fungu la moyo: nyama kavu na asali, ujira wa Tabibu Korongo aje kupima vifua na kutafiti tiba. Fisi akaomba uenyekiti wa kamati.

"Mambo ya moyo nimeyashughulikia maisha yangu yote," alisema, na hakuna aliyeweza kumkanusha.

Sasa, neno fungu lina matata yake. Serikalini ni bajeti. Buchani ni nyama iliyopangwa juu ya jani. Fisi alilijua la buchani tu. Kamati, yaani yeye, ikakaa semina mpaka ghala likabaki harufu. Korongo, kwa kukosa ujira, hakuja.

"Mwenyekiti, tabibu yuko wapi?" aliuliza Bibi Pofu.

"Mchakato unaendelea, bibi."

"Na mimi naendelea kuanguka, mjukuu wangu."

Sungura aliyasikia hayo. Kesho yake akasimama barazani.

"Mheshimiwa Simba, utafiti unahitaji mnyama mmoja, aliyekula mafuta kuliko wote. Atahudumiwa kipekee."

"Kuna posho?" Fisi akadakia.

"Kuna lishe maalumu."

Tembo akajitokeza, akijitazama tumbo.

"Kaa chini, hilo ni majani," Fisi alimkatiza. "Lile fungu nimelila mimi, peke yangu, na mifupa yake. Andikeni."

Baraza zima likamgeukia. Fisi akaangaza huku na huku, akaanza kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

"Basi mgonjwa tumempata," alisema Sungura. "Lishe ni majani makavu. Dawa ni mlima, kila asubuhi, na mtungi wa Bibi Pofu kichwani."

"Nikichoka je?"

"Mheshimiwa atakuwa nyuma yako. Naye anahitaji mazoezi."

"Ninasimamia tu," alisema Simba, akijinyoosha miguu.

Fungu jipya likachangwa, wakakabidhiwa nyuki walilinde. Korongo akaja, akampa Bibi Pofu dawa iliyomtuliza moyo, kisha akaweka sikio kifuani mwa Fisi, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo mzima kabisa," alisema. "Kinachoumwa hapa ni tumbo."

Tangu siku hiyo, anayeomba kuongoza kamati ya moyo hupimwa tumbo kwanza.