Uji wa Pimbi na Inshallah Arobaini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na meko, na pimbi wakinizidi akili hata mimi, alikuwako Pimbi mmoja aliyejiona bingwa wa biashara. Mwili alikuwa nao wa kiganja, lakini kwa maneno hakuwa na mshindani.

Akaamua kufungua genge la uji pale njia panda. Mkewe, Bi Mwanamvua, akamuuliza wanywaji watakuwa nani. Swali lilikuwa zuri, ndiyo maana likamuudhi. Hata hivyo akatoka, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza: nikipika uji, mtakuja? Swala akasema inshallah. Kobe akasema inshallah. Ngiri, ambaye uji wake mwenyewe ulikuwa jikoni unachemka, akasema inshallah mara mbili. Pimbi akazihesabu zote, na zile mbili za Ngiri. Zikatimia arobaini.

Sasa nyie mnajua, kwetu mtu hamwambii jirani "sitaki" usoni. Inshallah ni neno la heri, wala si ahadi ya kununua uji. Pimbi naye alilijua hilo vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyoitikia kila alipoalikwa kulima. Lakini mwenye kutaka lake hujisahaulisha.

Akasaga ulezi wote wa ghalani, hata ule wa mbegu, na mvua zilikuwa zimekaribia. Bi Mwanamvua akanyamaza kimya. Mkinyamaziwa hivyo, wanangu, ombeni radhi hata kama hamjui kosa.

Asubuhi chungu kikachemka, tok tok tok. Akaja nzi. Jua likapanda, akaja nzi wa pili. Pimbi akashikwa na hofu ya kweli: adhuhuri uji ungechacha, na wanawe wangepanda nini mwaka ule? Alitaka kulia, akaona haya mbele ya nzi.

Ndipo akamwona Mzee Tembo anapita, mwenye ghala kubwa kuliko wote. Ulimi ulimwasha amkaribishe, akajizuia. Akakifunika chungu upesi.

"Shikamoo, mzee. Wewe pita tu, huu ni uji wa Kiboko."

"Marahaba. Wote huo?"

"Wote. Anasema wewe ulezi huuwezi tena, eti tumbo lako siku hizi ni la kitoto. Mimi simo, mzee, mimi mpishi tu."

Tembo akageuka papo hapo. Akarudi kwake, gudu gudu gudu, akaja na kapu la ulezi, malipo ya uji wote, akalitua pu! Mkonga ukazama chunguni. Fyuuuu! Chungu kikabaki kikavu.

"Haya," akasema akijifuta, "na Kiboko atakunywa nini?"

Pimbi akalikumbatia kapu kwanza. Mbegu ilikuwa imerudi, na ya kula juu yake. Furaha ikamzidi, ukweli ukamponyoka: Kiboko yuko mtoni, na habari za uji huu hana kabisa.

Tembo akasimamisha masikio. "Kumbe nimedanganywa na pimbi?"

"Usione haya, mzee. Wewe umedanganywa mara moja. Mimi nimejidanganya mara arobaini, tena Ngiri nikamhesabu mara mbili."

Tembo akacheka mpaka akakaa chini, na Pimbi akacheka naye, huku akiliburuta kapu kuelekea kwa mkewe.

Ndiyo hivyo, wanangu: kabla hujakoroga uji, hesabu wanaokuja na kapu, usihesabu wanaoitikia kwa adabu.