Kiti cha Liwali na Nyaya za Marehemu

Palikuwa na ugomvi uani kwa Liwali Sefu bin Mwinyigogo. Liwali alikuwa amesimama juu ya zulia, na aliyekuwa akigombana naye alikuwa chini ya gari, ikionekana miguu tu.

"Nyaya haziguswi," alisema Liwali.

"Basi na altaneta isifungwe," miguu ikajibu.

Miguu hiyo ilikuwa ya Sikudhani, mjane aliyetengeneza umeme wa magari katika kibanda kilichoegemea ukuta wa Liwali. Vifaa vyake vilienea ndani ya kapu moja. Ulimi wake haukuenea popote.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake Liwali, kuukuu lakini zima. Marehemu alikuwa na taa mbili na honi moja, akaridhika. Mwanawe akaongeza taa sita puani, honi ya sauti tatu, vipaza sauti juu ya paa, na jokofu dogo la sharubati nyuma. Betri ikazimia. Kila safari ikawa askari wanalisukuma gari mpaka kanzu zinawaganda mgongoni. Sasa Liwali anaoa, arusi ni Ijumaa, na bwana arusi hawezi kusukumwa hadi kwa wakwe. Ndipo alipoagiza altaneta mpya, kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri. Ilikuja kubwa kama chungu cha pilau.

Sikudhani akatoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa kipande cha kanga, akaeleza polepole kama anayemlisha mtoto uji. Altaneta kubwa hutoa umeme mwingi, na umeme mwingi unataka njia pana. Ukiupitisha katika nyaya hizi nyembamba zitapata moto, ganda litayeyuka, na Bwana Liwali atafika kwa wakwe amefukizwa kama samaki. Dawa yake ni waya mnene kutoka kwenye altaneta hadi kwenye betri, fyuzi katikati, na waya mwingine mnene wa kuunganisha injini na bodi la gari. Kazi ya asubuhi moja tu.

"Nyaya hizi alizifunga marehemu baba yangu kwa mkono wake," alisema Liwali. "Zilimtosha yeye, zitanitosha mimi."

"Marehemu alikuwa na taa mbili."

"Na wewe una kibanda kimoja."

Hapo Liwali akakata shauri. Altaneta ifungwe, nyaya zisiguswe. Ukiguswa waya mmoja, kibanda kinavunjwa. Ukitoka moshi siku ya arusi, kibanda kinavunjwa. Na fundi akikataa kazi, kinavunjwa leo hii, mbuzi wapate pa kulala.

Sikudhani akakitazama kibanda chake. Ndicho kilichomlisha tangu afiwe na mume. Kisha akautazama mlango wa mbele wa nyumba ya Liwali, mlango wa nakshi, mwembamba. Kila alipoitwa ndani kutengeneza redio, kapu lake lilikwaruza fremu. Akalainisha sauti. Kwa mtu kama yeye, kulainisha sauti lilikuwa jambo la kuogopwa, lakini Liwali hakulijua hilo.

"Nimesikia, Bwana Liwali. Altaneta nitaifunga, nyaya sitazigusa mpaka useme mwenyewe. Ila nashangaa. Mtu wa gari la taa nane atatoka nyumbani kwake kwa miguu, kama muuza mkaa?"

Liwali akataka kujua watu wakubwa hutokaje. Sikudhani akamwambia hubebwa juu ya kiti. Tena kiti hicho huwa na mikono mipana, maana mkono wa Liwali si wa kuning'inia. Na kiundwe humo humo sebuleni, watu wasikizoee kabla ya siku yake.

Liwali akapenda kila neno. Akaitwa Mzee Pandu seremala, akaziingiza mbao moja moja. Kiti kilipoanza kunenepa, Mzee Pandu alitaka kusema jambo kuhusu mlango. Liwali akamwambia ameitwa apige randa, hakuitwa apige domo. Mzee akarudi kwenye randa yake.

Ijumaa ikafika. Gari limeoshwa, altaneta mpya inang'aa mahali pake, imebaki kuunganishwa tu. Tarumbeta zinalia barazani, na wakwe wamekuja wenyewe kumsindikiza bwana arusi hadi kwao. Huko ndani Liwali akapanda kiti, akanyoosha kilemba, askari wanne wakamnyanyua.

Walipofika mlangoni, kiti kikalia kraa.

Miguu ya Liwali ilikuwa nje, kiti ndani. Mikono ile mipana ilikuwa imekabwa na fremu huku na huku. Waliokuwa nyuma wakasukuma, kikazidi kukaza. Wakavuta, hakikurudi. Kushuka Liwali angeweza, lakini kwa kutambaa mbele ya mama mkwe, na Liwali hatambai. Tarumbeta zikaishiwa pumzi moja moja. Mtu mmoja akacheka, kisha akajitia kukohoa.

Liwali akaagiza uletwe msumeno, ukatwe mlango. Msumeno uliokuwa karibu ulikuwa ndani ya kapu la Sikudhani. Akaja nao, akasimama mlangoni uso kwa uso na Liwali, na wala hakukata.

"Mlango huu aliuweka marehemu baba yako kwa mkono wake," alisema, sauti ikiwafikia wakwe wote. "Ulimtosha yeye."

Jasho likamtiririka Liwali hadi kidevuni. "Marehemu hakuwa na kiti kikubwa namna hii," akasema.

"Wala hakuwa na altaneta kubwa namna ile," akajibu Sikudhani. "Sasa niambie, Bwana Liwali, nikate kipi kwanza, mlango au nyaya?"