Jina la Mtoto wa Atupele

Sogeeni, nina kesi imenishinda.

Huko Tukuyu, watu wanne walitengeneza programu ya kuwatafutia wagonjwa wachangiaji damu. Lugano alikuwa na jicho kali. Ambakisye alikuwa mwoga: kazi mpya za wenzake hakuzishusha kwenye kompyuta yake mpaka asukumwe. Tusajigwe alikuwa na subira. Wa nne, Sekela, alikuwa na haraka, nayo mnaijua, haina baraka.

Kazi zao zilikaa kwenye ghala moja mtandaoni. Anayepandisha yake hupaza sauti, "Napandisha!" na wenzake hujibu, "Pandisha!" Siku hiyo kazi ya Sekela, sehemu mpya ya kupiga simu, iligongana na za wenzake, ghala likaikataa kila alipojaribu. Wenzake wako kwenye chai. Akachoka, akailazimisha kimyakimya. Ikapita, na ikafuta kazi zao zote za miezi. Programu ikazima. Na saa hiyohiyo dada yake Sekela, Atupele, alikuwa leba, anavuja damu, na damu ya kundi lake ni adimu.

Lugano aliingia, akaona kazi zao hazimo ghalani, akapiga kelele, "Ambakisye, toa mkono! Usishushe kitu!" Ambakisye, naye karudi kutoka chai, alikuwa karibu kubonyeza ashushe, aone kilichoharibika. Angebonyeza, kompyuta yake nayo ingefutika.

Kompyuta za wenzake hushusha zenyewe, zilikuwa zimeshafutika; kwa sababu ya ule woga, Ambakisye bado alikuwa na kazi zao, nzima.

"Si mlikuwa mnanicheka?" akasema.

Lakini nakala yake na kazi ya Sekela zilikataana kila mahali, na moja bila nyingine haiendi. Tusajigwe akakaa, akaziunganisha mstari kwa mstari. "Huu ubaki. Huu utoke. Sekela mama, usilie, nisomee unaofuata."

Programu ikaamka, ikampata mchangiaji kule Kiwira. Atupele akajifungua salama, mtoto wa kike. Sekela aliwaomba radhi wenzake huku akiwakumbatia, machozi yanamtoka kwa shukrani.

"Mdogo wangu," Atupele akamwambia, "mpe jina la aliyeniokoa. Moja tu, usinijazie mtoto majina."

Sekela akampakata mtoto, akawageukia wale watatu.

"Ni Ambakisye," akasema Lugano.

"Mimi? Ni Tusajigwe!"

"Bila Lugano ningeunganisha nini?" akauliza Tusajigwe.

Sekela anawapenda wote sawasawa, na mtoto ameshafumbua macho. Haya, ninyi mnaonisikiliza: aitwe nani?