Siku Tatu za Kimya cha Jivi

Nina ngano.
— Ilete.
Bado ya moto.
— Tutaipuliza.
Ina chumvi.
— Tuna maji.

Haya, pulizeni polepole. Na wewe uliyetandaza miguu kwenye mkeka wangu, ikunje, wenzako nao wana makalio.

Hapo kale, wakati wanyama walikuwa hawajachoka kuongea na binadamu, palikuwa na kijiji kiitwacho Tilwadi, ng'ambo huko, katika nchi ya Wahindi. Kazi ya watu wa Tilwadi ilikuwa kukamua mafuta ya ufuta. Hapo alikaa mwanamke mmoja jina lake Jivi, na mumewe Lalji, na mama mkwe wake, Bibi Mongi.

Jivi alikuwa anasema. Akiamka anasema, akila anasema, akipiga mswaki anasema. Alisema na ng'ombe wa kinu, kisha akasema na kinu chenyewe, na kisipomjibu akakijibia. Bibi Mongi naye kazi yake ilikuwa moja: "Jivi, funga mdomo, inzi watahamia." Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo, miaka kumi na miwili.

Basi siku moja Bibi Mongi akashikwa na homa. Siku ya kwanza akaacha kula. Siku ya pili akaacha kusema. Siku ya tatu Jivi akaketi kitandani pake akamsimulia habari ya jirani, habari ndefu, ina matusi ndani yake, na mama mkwe hakumwambia afunge mdomo. Hapo ndipo Jivi alipoogopa. Akatoka uani akalia, maana alimpenda yule mwanamke, na kwa maneno yote aliyoyamwaga miaka kumi na miwili, hilo hakuwahi kulisema.

Majirani wakamwambia, "Nenda Dipnagar, mji wa mahekalu, kule mlimani. Kule yuko Devi, mungu wa kike ambaye watu humwita Mata, yaani Mama. Sikukuu yake ni siku tisa, na siku ya tisa huombewa wagonjwa. Lakini uwahi. Adhuhuri ya siku hiyo pazia lake hufungwa, halifunguliwi tena mpaka mwezi uandame. Na usiende mikono mitupu. Mpelekee kitu unachokipenda."

Siku ya tisa ilikuwa imebaki siku tatu, na Dipnagar ni mwendo wa siku tatu. Jivi akatazama nyumba yake. Aliona mitungi, aliona mashudu ya ufuta, aliona ng'ombe. Dhahabu hana. Akasema, "Mimi nina nini? Nina mdomo." Akaweka nadhiri: "Mata, kuanzia kizingiti cha nyumba yangu mpaka niuone uso wako, sitatamka neno. Nipe huyu mzee wangu."

Lalji aliposikia akacheka huku machozi yanamtoka. "Wewe, Jivi? Siku tatu?"

Jivi alikwisha vuka kizingiti. Akamwonyesha mumewe kidole, kwamba tutaonana nikirudi, akashika njia na nazi moja ya sadaka kichwani.

Naendelea?
— Endelea.

Siku ya kwanza akamkuta ng'ombe mweupe amelala katikati ya njia. Ng'ombe akasema:

"Mama wa njia, mama wa njia,
mzigo kichwani, wapi waelekea?"

Jivi akaonyesha miguu yake, akaonyesha mlima, akaonyesha midomo yake.

"Umeamkaje?" akauliza ng'ombe. Jivi kimya. "Watoto hawajambo?" Kimya. "Huko utokako mvua imenyesha?" Jamani, mvua ilikuwa imenyesha, tena ilikuwa imeezua paa la mtu, na Jivi alikuwa na habari ya paa hilo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Koo likamwasha. Maishani mwake hakuwahi kuiacha salamu ya mtu ianguke chini.

"Watu wa siku hizi hawana adabu," ng'ombe akasema.

Jivi akainama, akamgusa paji la uso kwa heshima, akapita. Aibu aliyoiona siku ile ilimfuata mpaka alipolala.

Siku ya pili akakutana na kasuku juu ya mgunga.

"Mama wa njia, mama wa njia,
mzigo kichwani, wapi waelekea?"

Jivi akaonyesha miguu, akaonyesha mlima, akaonyesha midomo.

Kasuku akamnusa kwa mbali. "Wanuka ufuta. Wewe watoka Tilwadi. Kwa wale wanaochanganya mafuta na maji?"

Jivi akasimama.

"Kuna nyumba moja hasa," kasuku akaendelea, "ina mwanamke aitwaye Jivi. Nasikia hata ufuta wenyewe hapepeti, anakamua na mchanga wake."

Mimi ningemjibu. Nyinyi mngemjibu. Damu ilimchemka Jivi mpaka masikio yakawa ya moto. Akachukua pindo la sari yake akalitia mdomoni, akauma, akatembea huku kasuku anamfuata mti hadi mti, anamtukania kinu, anamtukania mumewe, anamtukania hata ng'ombe, mpaka jua likazama na kasuku akachoka. Pindo la sari lilipotoka mdomoni lilikuwa na tundu la kupita kidole.

Siku ya tatu, asubuhi, kwenye lango la Dipnagar, nyani akashuka ukutani akamkwapua ile nazi. Huyo hakuimba, mwizi ana haraka.

"Sema tafadhali," nyani akasema, "nikurudishie."

Jivi akanyoosha mikono miwili.

"Neno moja tu. Sema taratibu, hapa tupo mimi na wewe."

Jivi akamtazama, akaitazama nazi yake, akageuka akaingia mjini bila nazi. Nyani alibaki ameishika, hata hamu ya kuivunja imemwisha.

Sasa nyinyi hamjaiona Dipnagar. Kila njia ina hekalu, na kila hekalu lina kengele, na kila anayeingia anaigonga. Wauza maua wamekaa chini na vilima vya maua ya manjano. Viatu vimeachwa milangoni, pea elfu, Mungu ndiye ajuaye kila mtu alivipataje vyake. Jivi akavua vyake, akapanda ngazi za mawe zilizolowa maji ya kunawia miguu. Alisikia harufu ya samli na ubani. Akasimama kwenye foleni, na foleni ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa linapanda. Moyoni anasema, "Nimefika. Sijasema. Bado kidogo nimwone, kisha nitasema mpaka mwakani."

Alipofika mbele, pazia jekundu lilikuwa limeshuka. Kando yake ameketi kuhani mnene, sauti imemkauka kwa siku tisa za kuomba.

"Mama, unamwombea nani? Jina la mgonjwa, na jina la ukoo wake."

Jivi akabaki amemkodolea macho.

Hilo hakuna aliyemwambia. Watu wa Tilwadi waliowahi kwenda wote walikuwa wanalijua, na kwa kuwa kila mtu analijua, hakuna aliyeona haja ya kulisema. Desturi ya hekalu lile ni kwamba mgonjwa atajwe kwanza, jina na ukoo, ndipo pazia lifunguliwe. Na Jivi nadhiri yake ni kunyamaza mpaka pazia lifunguliwe. Kuandika hajui.

Akaanza ishara. Akapinda mgongo, akatikisa kidole kama mzee anayegomba.

"Mbuzi?" akauliza kuhani. Watu nyuma wakacheka.

Akajifunika sari kichwani, akajitia kukohoa, akajilaza.

"Mama, hayo ni ya sokoni. Nipe jina. Mata atamjuaje mtu asiye na jina?"

Jivi akashika miguu ya kuhani, akamwonyesha mdomo, akamwonyesha mbingu. Kuhani akaelewa kwamba ana nadhiri, akamsikitikia kwelikweli. Lakini jua lilikuwa limefika kati, na mkono wake ulikwisha shika kamba ya kengele ya adhuhuri.

"Mara ya tatu nakuuliza, binti yangu, na baada ya hapa nafunga. Nani?"

Jivi akawaza, nikisema nimeivunja nadhiri, nimemuua kwa mdomo wangu. Nisiposema hakuna aliyeombewa, nimemuua kwa kunyamaza. Akamwona mama mkwe wake kitandani, mdogo, midomo imepasuka kwa homa. Basi mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mongi! Mjane wa Devshi, ukoo wa Kashyapa, wa Tilwadi, nyumba ya pili ukitoka kisimani, mkali huyo, Mata, utamjua kwa ukali, tangu nimeolewa hajanisifu hata chapati moja, achari yake ina chumvi mtu anakunywa mtungi mzima, na hataki kuambiwa, na akikoroma ng'ombe anaamka, lakini nilipoharibikiwa mimba mbili ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini, na hakuruhusu mtu aniseme, hata mwanawe, nampenda, Mata, sijamwambia, usimchukue kabla sijamwambia."

Nyuma huko aliyecheka akafuta macho.

Kuhani akavuta pazia. Jivi akauona uso wa Mata, macho ya fedha, maua shingoni, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha kengele ikalia, pazia likashuka.

Jivi akaketi ngazini akalia. Kuhani akamletea maji na tambi tamu za sadaka, akamwambia, "Nenda nyumbani, binti yangu."

Njia ya kurudi ruhusa ya kusema alikuwa nayo, na maneno hana. Nyani akamrushia nazi yake, hakuiokota. Kasuku akamtukana, hakumsikia. Ng'ombe akamwuliza, "Leo waelekea wapi?" akajibu, "Naenda kuzika," akapita. Ng'ombe akasimama njiani akamtazama mpaka akapotea machoni.

Siku ya tatu jioni akafika Tilwadi. Akapita kisimani ameinamisha kichwa. Kwenye nyumba ya kwanza hakusikia kilio. Alipokaribia ya pili akasikia sauti, imepwaya, imekwaruza, lakini sauti:

"Lalji, huu uji au maji ya kuoshea vyombo?"

Alifika mlangoni ameshika ukuta. Bibi Mongi ameketi kitako kitandani, bakuli mkononi, amekonda, macho makali. Jivi akajitupa miguuni pake, akalia kilio cha furaha mpaka shuka ikalowa.

"Inuka," mama mkwe akasema. "Nina neno nawe. Siku tatu nyumba hii ilikuwa kimya mpaka nikadhani nimeshakufa. Nikasema, basi, kumbe ndiyo hivi, nikaanza kujizoeza. Siku ya tatu adhuhuri nikasikia mdomo wako. Sijui kutoka wapi, masikioni mwangu mlemle. Unamshitakia Mata achari yangu. Mbele ya watu."

Jivi akaficha uso kwenye shuka.

"Nilikasirika nikakaa kitako. Nikamwambia Lalji alete uji nipate nguvu za kukungoja." Bibi Mongi akaweka bakuli chini. Akamtengeneza Jivi nywele zilizojaa vumbi, moja moja, akamfuta uso kwa ncha ya nguo yake. "Na lile la mwisho nalo nimelisikia. Sasa kula, umekonda kuliko mimi."

Wakala uji bakuli moja, mkwe na mkwe, na Lalji akawapikia mwingine.

Ngano yangu naitua hapa.
— Tumeipokea.
Haijamwagika?
— Hata tone.

Mafunzo yake ni haya: kama yuko mtu unayempenda nyumbani, mwambie leo leo ukiwa naye, usingoje mpaka uende kumshitaki kwa Mungu. Kama huamini, nenda Tilwadi kaulize. Mimi mwenyewe nilipita, wakanikaribisha, nikaionja ile achari.

Nileteeni maji.