Kidole Kikavu

Kidole kikavu huzika ng'ambo.

Neno hilo Bibi Nachuma alilitupa huku akibangua karanga, baada ya kumsikia mjukuu wake Daimu akijigamba kwamba siku ya kura atalala mpaka jua limchome. Vijana waliokuwa wakimsaidia wakacheka. Kidole kinazikaje? Wakataka kujua neno hilo limetoka wapi.

Bibi hakucheka. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga yake, akasema, "Methali hii ilizaliwa hapa hapa Mkalapa, na siku iliyozaliwa hakuna aliyepiga kigelegele. Ilikuwa hivi."

Zamani hizo mto Lukwila ulikuwa mpaka kwenye ramani tu. Watu wa huku na watu wa ng'ambo walikuwa wa nchi mbili, lakini ukoo wao mmoja na lugha yao moja. Wa ng'ambo walivuka kwa mitumbwi kuja sokoni na hospitalini, maana hospitali ya kwao ilikuwa safari ya kulala njiani. Wa huku walivuka kwenda kuoa, kucheza ngoma na kuomba mbegu. Hakuna aliyemwita mwenzake mgeni.

Huku Mkalapa aliishi mwanamke aitwaye Somoe. Mama yao alipofariki, Somoe ndiye aliyemlea mdogo wake Tunu. Alimbeba mgongoni naye mwenyewe bado mtoto. Tunu alipokua akaolewa ng'ambo na mfua chuma, Chilumba. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa mzito. Walimvusha mto mbio, akapasuliwa katika hospitali ya huku, akapona yeye na mtoto. Daktari akamwonya kwamba uzazi mwingine asithubutu kuujaribu nyumbani.

Mwaka wa uchaguzi wa huku ulimkuta Tunu na mimba ya pili. Mmoja wa wagombea urais alikuwa akizunguka nchi nzima akisema watu wa ng'ambo ni kupe, wananyonya dawa zetu na mahindi yetu, na kwamba yeye akishika nchi atafunga vivuko vyote. Mijini alipigiwa makofi. Mkalapa watu walicheka.

"Maneno ya jukwaani hayo," walisema. "Nani awezaye kuufunga mto?"

Tunu hakucheka. Alivuka, akamfuata dada yake shambani.

"Dada, siku ya kura utakwenda?"

"Mpunga unaiva, mdogo wangu. Nani ataniamia ndege wasiumalize?"

"Sisi hatuna kura katika nchi yenu," Tunu alisema. "Lakini mlango wetu, komeo lake liko upande wenu. Kidole chako ndicho changu, dada. Kichovye kwa ajili yangu."

Siku hizo, kama ilivyo sasa, aliyepiga kura alichovya kidole kwenye wino usiofutika upesi. Somoe alimgusa mdogo wake tumbo, akacheka.

"Haya, nitakichovya. Nenda kwako, usije ukajifungulia kwenye majaruba yangu."

Siku ya kura ilipofika, ndege kwelea nao walifika. Walishuka bondeni kama wingu. Somoe alikuwa juu ya dungu lake, jukwaa la kulindia shamba, tangu alfajiri, akivuta kamba ya makopo na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wachache walipita njiani wamevaa kanga zao nzuri.

"Somoe! Shuka dunguni, twende!" aliita jirani yake, Bi Salima.

"Nikishuka nitakula nini? Rais hali mpunga wangu, wanaokula ni hawa!"

"Subiri. Huyo ndege mwenye suti akitua, utawakumbuka hao kwelea!"

Wakacheka wote, na Somoe akacheka nao.

"Nipigieni nyie," alisema. "Kura yangu mimi ni punje moja. Punje moja haijazi kinu."

Bi Salima alikuwa ameshageuka kwenda. Akasimama. "Na kila ndege hapo anakula punje moja," alisema. Kisha akawafuata wenzake.

Neno lile lilimchoma Somoe. Alikumbuka ahadi yake, akashusha mguu mmoja kwenye ngazi ya dungu. Kundi jingine la kwelea likatua. Akaurudisha mguu. Akasikiliza, akasikia makopo yakilia kila upande. Bonde zima lilikuwa dunguni. Akajipa moyo kwamba hayuko peke yake.

Mpunga ukapona. Siku chache baadaye redio ikasema yule wa kufunga vivuko ameshinda, na ushindi wake ulikuwa mwembamba kama uzi. Ikasema pia kwamba watu wa mpakani ndio waliojitokeza wachache kuliko wote.

Kabla mpunga haujaingia ghalani, askari walikuja. Walikusanya mitumbwi yote, wakaipasua kwa mashoka. Ndipo Mkalapa ilipojua kwamba mto unafungika.

Asubuhi moja Somoe alisikia jina lake likiitwa kutoka ng'ambo. Alikimbia mpaka mtoni, Bi Salima nyuma yake. Ukingo wa pili aliona machela, na juu ya machela yuko Tunu, amejikunja. Chilumba alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni, akiivuta machela ielee. Askari wa huku akapiga risasi hewani. Chilumba akarudi nyuma, akaanguka magotini kwenye tope.

Somoe alimwendea askari, mikono mbele.

"Mwanangu, yule ni mdogo wangu. Hospitali ile pale, paa lake unaliona. Mwache avuke, kisha nifunge mimi."

Askari alikuwa kijana, wala hakuwa mkali. Hilo ndilo lililomuumiza Somoe zaidi.

"Mama, nikimvusha nafungwa mimi. Amri si yangu. Imetoka kwa mkuu wa nchi, na mkuu mmemweka nyie."

"Mimi sikumweka!"

"Kura yako ulimpa nani basi?"

Somoe alizidi kunyoosha mikono. Pembeni yake Bi Salima alijiziba mdomo kwa mkono, na kwenye ukucha wake wino ulikuwa bado mweusi. Askari alivitazama vidole vya Somoe, vilivyonyooshwa mbele yake kwa kuomba. Vyote vilikuwa safi. Akageuza uso.

Sauti ya Tunu haikuweza kuvuka. Mama mkwe wake aliinama akamsikiliza, kisha akasimama akaita kwa niaba yake.

"Somoe! Mwenzio anauliza, komeo limefunguka?"

Somoe alivikunja vidole vyake vikavu, akavificha kwenye kanga.

Jua lilipopinda, vilio vilianza ng'ambo. Alikwenda Tunu, akaenda na kichanga chake.

Kwa desturi yao, udongo wa kwanza kaburini hutiwa na aliyemlea marehemu. Kaburi walilichimba karibu na ukingo ili Somoe alione. Wakashusha mwili, wakasimama, wakamngoja. Mama mkwe akaita, "Tia udongo wako, Somoe." Somoe akachota udongo wa huku, akaurusha kwa nguvu zake zote. Ukaanguka majini, maji yakauchukua. Wale wa ng'ambo wakafukia.

Mwaka ule ghala la Somoe lilijaa kuliko miaka yote. Mpunga ule hakuupika.

Uchaguzi mwingine ulipowadia, kwelea walikuja tena. Somoe alipita bondeni, dungu kwa dungu, ameinua kidole kimoja. Hakuwa mtu wa maneno mengi tena. Kila dungu alisema lile lile: "Kidole kikavu huzika ng'ambo." Wakashuka. Siku ile ndege walikula, na hakuna aliyewafukuza.

Mkuu yule aliondoka, na vivuko vikafunguliwa. Wa kwanza kuvuka alikuwa Somoe. Alikaa kwenye mtumbwi, udongo wa Mkalapa umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Hapo ndipo Bibi Nachuma alipoishia. Daimu alikuwa akichokonoa maganda ya karanga.

"Lakini Bibi," alisema taratibu, "sisi hatuna ndugu ng'ambo siku hizi."

"Kila nchi ina ng'ambo yake, mjukuu wangu. Huko wanaishi watu wasiokuwa na kura kwetu, na komeo lao liko huku. Hata usipomjua mmoja wao, bado ni Tunu wa mtu."

Akauvuta ungo, akaendelea kubangua. Hapakuwa na aliyecheka tena aliporudia, kwa sauti ndogo kama anayeongea na mtu wa mbali:

"Kidole kikavu huzika ng'ambo."