Sange na Kinamasi cha Nyamatete

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba za bati, mabaraza na wakubwa wa kupigiwa makofi, alikuwepo Sange. Mnamjua Sange? Yule mdogo kama panya, miguu myembamba, pua ndefu inayochezacheza muda wote, nyu, nyu, nyu, kana kwamba dunia nzima ni mchuzi na yeye anataka kujua umetiwa nini.

Sange alikuwa mama wa watoto wawili, na kazi yake ilikuwa utafiti. Aliishi juu ya bonde, kando ya kinamasi cha Nyamatete. Asubuhi akishawapa watoto uji, huyo! Chapwi, chapwi, matopeni. Alichomeka vijiti ndani ya kinamasi, akachomeka vingine kwenye visima vya bondeni, akawa anatazama maji yanavyopanda na kushuka.

"Mama Sange, leo tena unapima tope?" majirani walimtania.

"Napima. Tope halichoki kunijibu, ninyi mnachoka kuuliza."

Akapima masika na kiangazi, mwaka baada ya mwaka, mpaka akajua. Kinamasi kikipungua maji, visima vya bondeni navyo hupungua baada yake. Ukungu unaopanda asubuhi kutoka kwenye matete ndio unaolowesha mashamba ya mlimani. Na mafuriko yakija kwa kishindo, ni matete yale yale yanayoyashika yasibebe udongo na mazao ya watu.

Sasa, baraza la wanyama likatangaza kwamba kinamasi chote kitakaushwa ili ipandwe miwa. Kona moja ilikuwa imeshachimbiwa mfereji na kukaushwa, na huko chini kisima cha Kanga kilikuwa kimebaki vumbi. Kanga alikuwa mjane, mwenye vifaranga wengi na rafiki mmoja tu wa kumlilia, naye ni Sange.

"Shoga yangu," Kanga alisema, "jana kifaranga wangu mdogo kabisa alizimia njiani kwa kiu. Hiyo ni kona moja tu! Wakimaliza kinamasi chote tutakunywa nini? Machozi?"

Pua ya Sange ikaacha kucheza. Akajifunga leso kiunoni, akaenda barazani.

Barazani walikaa wakubwa watatu. Mzee Tembo alikuwa mwenyekiti, tena msemaji wa mambo ya mvua na majira. Bwana Kiboko alishika maji na viumbe vyake. Bwana Nyati alishika kilimo. Sange akapanda juu ya kigoda, akaanza kueleza.

"Shikamooni wazee wangu. Nimekuja na habari ya visima…"

"Krrr… fyuuu," akakoroma Mzee Tembo.

Kiboko akapiga mwayo, "Aaaaah!" Upepo ukamwangusha Sange kutoka kwenye kigoda, pu!

"Utafiti, utafiti!" Nyati akafoka. "Utafiti unaliwa na mboga gani?"

Baraza likaangua kicheko. Kicheko kikamwamsha Tembo, naye akapangusa mate, akasema, "Nimekuelewa vizuri sana, mama. Tutakaa tulitafakari. Ijumaa kazi ya kukausha inaanza."

Sange akatoka nje, akakaa nyuma ya ukuta, akalia. Alilia kwa hasira, maana alikuwa na ukweli wote mkononi na hakuna aliyeutaka.

Akiwa pale akamsikia Nyati anawachekesha walinzi. "Utafiti unaliwa na mboga gani! Hahaha! Nimeitunga mwenyewe hiyo."

Mara Kiboko akatokea amevimba. "Umeitunga wewe? Si mimi nilikwambia asubuhi? Mwizi wa maneno!"

"Mwizi nani? Wewe mwenyewe uliisikia kwa Tembo!"

Sange akafuta machozi. Pua ikaanza tena: nyu, nyu, nyu. Kumbe! Hawa ukiwafundisha wanalala. Lakini kuiba, wanaiba kwa bidii!

Mbio, mbio, akaenda nyumbani kwa Mzee Tembo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe tena?"

"Nimekuja kukupa pole tu."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Pole ya nini?"

"Si nasikia Ijumaa Bwana Nyati atasimama mbele ya watu wote kukizuia kinamasi kisikaushwe! Atasema ukungu wake ndio unaolowesha mashamba ya mlimani. Watu watasema, ah, huyu ndiye mwenye kichwa."

"Nyati? Aseme habari za ukungu?" Tembo akapiga chini, duu! "Mvua na majira ni mambo yangu mimi! Hebu lete hilo la ukungu tena. Polepole."

Sange akaeleza mwanzo mpaka mwisho. Tembo hakufumba jicho hata moja. Aliuliza na maswali.

"Usimwambie mtu," akanong'ona.

"Nimwambie nani, Mzee? Mimi mdogo hivi."

Akatoka hapo, fyuu, mpaka kwa Kiboko. Akamwambia kwamba Tembo anajitayarisha kutangaza siri ya visima. Kiboko akaibuka majini, bubububu, akadai asimuliwe habari ya vijiti mara mbili, kisha akaanza kuifanyia mazoezi mbele ya bata.

Kesho yake akaenda kwa Nyati, na huyo ndiye aliyekuwa mgumu.

"Kwa nini unanijia mimi?" akauliza, jicho limekaza. "Jana si nilikucheka?"

Hapa mambo yangeweza kuharibika.

"Ulinicheka, ndiyo," akajibu. "Na Kiboko je? Anasema wewe kazi yako ni kucheka tu. Mambo ya mafuriko kuharibu mashamba atayatangaza yeye, maana mkuu wa kilimo hayajui."

"Mimi? Siyajui?" Nyati akafura. "Kaa chini! Nieleze upesi niyajue!"

Ijumaa ikafika. Wanyama wakajaa uwanjani na majembe yao. Kanga alikuwa mbele kabisa na vifaranga wake, midomo imewakauka.

Mzee Tembo akasimama. "Wananchi! Nimewaza sana peke yangu. Wekeni majembe chini. Ukungu wa matete ndio unaolowesha mashamba yenu ya mlimani!"

"Na visima!" Kiboko akaruka juu. "Kinamasi kikikauka, visima vinakauka! Nimeligundua mimi!"

"Acheni hizo!" Nyati akawasukuma wote wawili. "Matete yanazuia mafuriko yasibebe udongo! Mimi ndiye niliyelifikiria!"

Watu wakatazamana. Kanga, aliyeteseka kuliko wote, akapaza sauti, "Kumbe wakubwa wetu wanajua! Basi nani kati yenu atakayetuokoa?"

Hapo sasa! Tembo akawahi. "Mimi! Natangaza sheria leo hii: kinamasi kisikaushwe!"

"Mimi naongeza!" Kiboko akanguruma. "Mfereji uzibwe, ile kona irudishiwe maji!"

"Mimi nazidi!" Nyati akatikisa pembe. "Badala ya miwa, upandwe mtama kwenye nchi kavu, na baraza ligawe mbegu! Na atakayekata matete ovyo atanijua!"

Vigelegele, ililililili! Majembe yaliyoletwa kukausha kinamasi yakaenda kuziba mfereji.

Shangwe zilipotulia, wakubwa watatu wakabaki nyuma ya jukwaa wananuniana.

"Habari ya ukungu ulimwibia nani?" Nyati akamuuliza Tembo.

"Sikuiba! Niliambiwa wewe…" Tembo akakuna sikio. "Niliambiwa na Sange."

"Na mimi," akasema Kiboko.

"Na mimi!"

Dudududu! Wakakimbia hadi kwenye mfereji, wakamkuta Sange na Kanga wanashindilia udongo.

"Ulitudanganya!" wakanguruma pamoja. Kanga akawafunika vifaranga kwa mabawa.

Sange hakukimbia. "Niliwadanganya juu yenu, wazee wangu. Juu ya kinamasi sikuwadanganya neno hata moja. Kama mmeudhika, rudini jukwaani, futeni sheria, waambieni watu kwamba mawazo yale hayakuwa yenu na kwamba mmechezewa na mtu anayetosha ndani ya unyayo wa Tembo."

Kule uwanjani watu bado waliimba majina yao. Kiboko akakohoa, akasema ana shughuli. Nyati naye akakumbuka ana mgeni.

Kabla ya mvua za vuli, kisima cha Kanga kikatoa maji tena, na vifaranga wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Na Mzee Tembo? Siku ile wenzake walipoondoka, yeye alibaki pale kando ya mfereji. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainamisha sikio lake kubwa mpaka likagusa tope.

"Hivi, mama," akanong'ona, "kuhusu ule msitu wa mlimani… Nyati hapangi kusema chochote kabla yangu?"

Basi wanangu, ukilijua jambo la kuwafaa wengi usiridhike na kulijua tu, tafuta na njia ya kulifikisha kwa mwenye uwezo wa kulitenda.